Kutumwa Esmeraldas: mwongozo kamili kwa kijana mmisionari anayekwenda Ekuador

Barua ya kutumwa huwa fupi. Jina lako, jina la jimbo, idadi ya miaka, sahihi. Yangu ilisema Esmeraldas, Ekuador, miaka mitatu. Nilikuwa na miaka 26, mlei kutoka Tanga, na Kihispania changu chote kiliishia kwenye "gracias". Mwongozo huu ninamwandikia kijana wa Afrika Mashariki aliyepokea barua kama ile, awe mlei, sista, bruda au fratera wa mwaka wa utume. Ya lugha na makaratasi yatamfaa hata anayekwenda Kolombia, Peru au Bolivia. Ya mto, mikoko na misiba ni ya Esmeraldas, na sitayapunguza, maana huko ndiko kazi iliko.

Hatua ya kwanza: jua unaingia nyumbani kwa nani

Esmeraldas ni mkoa wa pwani, kaskazini-magharibi mwa Ekuador, mpakani na Kolombia. Ni kitovu cha Waekuador wenye asili ya Afrika, na historia yao uisome kabla hujapanda ndege. Mwaka 1553 meli iliyotoka Panama kwenda Peru iliharibikia kwenye pwani ile. Waafrika waliokuwa wakisafirishwa humo kama watumwa wakaingia msituni na kuishi huru. Kiongozi wao anayekumbukwa zaidi ni Alonso de Illescas, aliyewahi kuishi Sevilla na kuwajua Wahispania kwa lugha na kwa desturi. Kwa miongo mingi Wahispania walijaribu kuitawala pwani hiyo kwa nguvu wakashindwa.

Mwaka 1599 mchoraji wa Quito, Andrés Sánchez Galque, alimchora Don Francisco de Arobe wa Esmeraldas na vijana wake wawili. Wamesimama na mikuki mkononi, wamevaa hariri na kola za Kihispania, na puani na masikioni wana mapambo ya dhahabu. Picha hiyo iko Madrid. Itafute kwenye intaneti uitazame kwa utulivu. Utumwa ulifutwa Ekuador mwaka 1851, Illescas akatangazwa shujaa wa taifa mwaka 1997, na Katiba ya 2008 inawataja Waekuador wenye asili ya Afrika kuwa watu wenye haki zao za pamoja.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa kubwa la kijana mweusi anayetoka Afrika ni kudhani kwamba rangi yake itamfanyia kazi. Utapokelewa kwa furaha, hilo nakuhakikishia. Bibi mmoja wa mji wa Borbón alinishika mkono, akaupapasa, akasema: "Usted viene de allá." Wewe umetoka kule. Machozi yalimlenga, nami pia. Lakini bibi yule ni Mwekuador, na babu zake wamekuwa pale kwa karibu miaka 500. Ukianza kumrekebisha ngoma yake, au kila jambo ukalianza na "kwetu Afrika tunafanya hivi", utakuwa umemgeuza mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mweleze habari za Afrika akikuuliza. Asipokuuliza, msikilize.

Kanisa la Esmeraldas limehudumiwa tangu miaka ya 1950 na Wamisionari wa Comboni. Mtakatifu Daniel Comboni ndiye aliyeandika mwaka 1864 mpango wa kuiokoa Afrika kwa Afrika yenyewe, na alifia Khartoum mwaka 1881. Kwa hiyo kijana wa Tanga au wa Kitale anaposhuka Esmeraldas anaingia katika hadithi iliyoanza kabla yake. Wazee bado wanawataja mapadre wa zamani kwa majina, nani alijenga kanisa lipi, nani alizama mtoni. Jifunze majina hayo mapema.

Hatua ya pili: makaratasi, sindano na damu

Anza angalau miezi mitano kabla. Utahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, vyeti vya masomo, na barua ya jimbo au shirika linalokutuma pamoja na ya linalokupokea. Vyote vitatafsiriwa kwa Kihispania na kugongwa mihuri. Uulize ubalozi kwa maandishi wanataka mihuri ipi na kwa mfuatano upi, kwa kuwa karatasi iliyoruka muhuri mmoja hurudishwa, na ukiwa tayari uko ng'ambo kuirudisha nyumbani ni miezi. Omba ukaazi wa muda wa watumishi wa dini, usiende na viza ya utalii ukitumaini kubadilisha huko. Ukifika na ukaazi ukatoka, fuatilia kitambulisho, cédula. Bila cédula hata laini ya simu ni usumbufu.

Njia ya ndege nayo ni sehemu ya makaratasi. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani. Ukipitia Amsterdam, Mtanzania au Mkenya huwa na nafuu, ila ndugu zetu wenye pasipoti ya Kongo wanatakiwa kuwa na viza ya kupitia tu uwanja wa ndege, na kwa Madrid hata Mkenya anatakiwa kuwa nayo tangu 2024. Nimeona mtu akizuiwa Nairobi kwa jambo hilo, mabegi yakiwa yameshapakiwa.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, na cheti chake sasa hudumu maisha yote. Halafu kuna kipimo ambacho sisi wa Afrika Mashariki tunakisahau: kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Malaria ya kwetu aghalabu ni ile ya falciparum. Esmeraldas iko pia vivax, ambayo hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi, na dawa ya kuing'oa inaitwa primaquine. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, na kwetu pwani wapo wengi, akinywa primaquine chembe zake za damu zinaweza kupasuka. Pima ukiwa nyumbani, majibu yaandikwe kwenye kadi, kadi ikae na pasipoti. Tibu meno. Kama unavaa miwani, chukua mbili.

Hatua ya tatu: Kihispania, na hazina uliyo nayo tayari

Wengi hupewa miezi sita ya lugha. Wengine husoma Quito, wengine hupelekwa Cochabamba, Bolivia, ambako Wamaryknoll, wamisionari wa Kikatoliki kutoka Marekani, walianzisha shule ya lugha mwaka 1965, na hufundisha pia Kikechua na Kiaymara. Popote utakapokuwa, fahamu kwamba mzungumzaji wa Kiswahili haanzi sifuri. Wenzangu darasani waliotoka Ulaya walihangaika na mambo ambayo mimi nilikuwa nayo tangu utotoni.

Irabu ni zetu zile zile tano, a, e, i, o, u, na hazibadiliki. Mkazo pia unafanana: neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi tunavyosema haBAri na kaRIbu. Likikengeuka, alama huwekwa juu ya herufi ikuonyeshe. Ñ ni ny ya nyanya. H haitamkwi. V husomeka b. J ni kama kh ya kheri, na pwani ya Ekuador huilainisha ikawa h tu. Jitese kidogo kwa r: pero ni "lakini", perro ni "mbwa", na ulimi usipotetemeka vya kutosha umebadilisha maana.

Maneno nayo. Lugha zote mbili zilikopa kwa Waarabu, kwa hiyo utakutana na jamaa zako njiani. Hasta ni hata yetu, fulano ni fulani, azúcar ni sukari, na alcalde, meya wa mji, jina lake limetoka kwa kadhi. Kwa upande wa Wareno tulichukua meza na bendera. Wahispania wanasema mesa na bandera. Lakini baba kwa Kihispania ni ute wa mdomoni, na papa ni kiazi mviringo, hivyo baba mzazi mwite papá, mkazo ukiwa mwisho.

Hazina kubwa kabisa iko kwenye kitenzi. Walimu watakutisha na hali wanayoiita subjuntivo. Usitishike. Sisi tunasema "nataka uje", hatusemi "nataka unakuja". Ile e ya mwisho ndiyo subjuntivo: quiero que vengas. Mimi nilielewa siku moja kanisani, nikiwa nimesimama na karatasi ya Baba Yetu. Kwa Kihispania: "santificado sea tu nombre, venga a nosotros tu reino, hágase tu voluntad." Kwetu: "jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike, utakalo lifanyike." Litukuzwe, ufike, lifanyike. Sea, venga, hágase. Mistari mitatu, vitenzi vitatu, na vyote nilikuwa navyo tangu Komunyo ya Kwanza. Ndiyo maana nakushauri uanze kwa sala unazozijua kwa moyo. Maana unayo tayari, kwa hiyo kila neno linajitafsiri lenyewe.

Panapouma ni pawili. Kwanza, yeye yetu haina jinsia, na Kihispania kinataka él au ella kila mara. Uwe mwangalifu hasa msibani. Kumwita marehemu mama wa watu "él" mbele ya wanawe ni jambo linaloumiza, na hawatakurekebisha kwa sababu ya heshima. Pili, ser na estar. Es maestra ni "ni mwalimu", está en casa ni "yuko nyumbani", hapo sawa. Ila mgonjwa ni está enfermo, na hata aliyekufa ni está muerto. Hizo zikariri tu.

Na saa. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza. Wao tangu usiku wa manane. Saa moja asubuhi ni las siete. Mwezi wangu wa pili nilimwambia mwenye mtumbwi tuondoke "a las dos", kichwani nikiwa na saa mbili asubuhi. Nilikaa gatini saa sita nzima. Alikuja saa nane mchana, kama nilivyomwambia, na kigango kizima kilikuwa kimetusubiri tangu asubuhi na wagonjwa wamebebwa kwenye viti. Tangu siku ile niliandika saa kwenye karatasi kwa tarakimu na kumwonyesha mtu.

Ukishatoka shuleni utashangaa kwamba Kihispania cha darasani na cha Esmeraldas ni ndugu wa mbali. Wao humeza s: los niños inasikika "loh niño". Usidai wazungumze kama kitabu. Mtafute mtoto wa miaka kumi hivi mwenye kupenda kusoma, mkae barazani kila jioni, akusomee Injili ya Jumapili nawe urudie. Mtoto hukurekebisha bila aibu, na Jumapili ikifika umeshaisikia mara sita.

Hatua ya nne: adabu ya mlangoni

Mlangoni hakuna hodi, kuna "¡Buenas!" kwa sauti, kisha unasubiri. Mwenyeji atajibu "siga nomás", pita tu. Ukiwakuta watu wanakula sema "buen provecho". Mzee ni usted, daima, na huitwa don au doña pamoja na jina lake la kwanza. Sista huitwa madrecita. Kaka na dada ni ñaño na ñaña, na ukianza kuitwa hivyo umeshapata kiti. "Ya mismo" ni sawa na "sasa hivi" yetu: inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa jioni.

Kula unachopewa. Hapa moyo wangu uliwahi kutua kabla ya ulimi. Wiki ya kwanza mtoni, doña aliyenipokea alikaa chini na nazi iliyopasuliwa, akaikuna, akamimina maji ya vuguvugu, akakamua tui la kwanza na kuliweka kando, kisha la pili. Hakujua kwamba ninaangalia mikono ya bibi yangu. Samaki akaingia kwenye tui la pili na jani linaloitwa chillangua, tui zito likaja mwisho. Wanakiita encocado. Huliwa na wali na ndizi mbichi, verde, ambayo huikaanga, huichemsha, au huiponda na jibini wakaifinyanga donge liitwalo bolón. Nilimwomba nimkunie nazi ya pili. Mbuzi ya kukunia hakuna, kuna bati lenye matundu, na vidole vyangu viliumia, lakini maongezi ya jikoni pale yalinifundisha zaidi ya mwezi wa darasani. Nenda jikoni, mdogo wangu, hata kama wewe ni mwanamume. Omba kazi.

Utaombwa kuwa msimamizi wa ubatizo, padrino au madrina. Mwaka wa kwanza kataa kwa upole. Compadre ni undugu wa maisha. Ni ada, ni msiba, ni mtoto kuletwa kwako mama yake akisafiri. Mtu anayeondoka baada ya miaka mitatu aipime ahadi hiyo vizuri kabla ya kuitoa.

Hatua ya tano: kazi yenyewe

Parokia za kaskazini zina vigango vingi, wanaviita recintos, vilivyotawanyika kando ya mito Santiago na Cayapas, na vingine hufikiwa kwa mtumbwi wa mashine pekee. Padre hufika mara chache kwa mwaka. Kwa hiyo jumuiya zinasimama kwa katekista na kwa wanawake waimbaji, cantoras. Kazi yako ni kuwatia nguvu hao. Ukifika na programu yako ya semina ukawapanga mstari kama wanafunzi, ukiondoka itaondoka nayo.

Ziara nzuri huenda hivi. Peleka habari siku kadhaa kabla, kwa mtu, si kwa ujumbe wa simu tu, kwa kuwa mtandao ni wa kubahatisha. Beba buti za mpira, chandarua, tochi, nguo kwenye mfuko wa plastiki, na koti la kuokolea maisha ulivae, usilikalie. Ukishuka, nenda kwanza kwa katekista, kisha kwa wagonjwa, kanisani mwisho. Lala huko. Anayekuja asubuhi na kurudi jioni haambiwi lolote la maana, maana maneno hutoka usiku, taa ikiwa moja. Ibada ya Jumapili bila padre aiongoze katekista, wewe usome somo ukiombwa. Majina ya waliobatizwa, waliofariki na wanaojiandaa yaandike siku hiyo hiyo kwenye daftari.

Mikokoni utawakuta wanawake wanaochokonoa kombe weusi, conchas. Wanainama, mkono unazama kwenye tope hadi begani, wanapapasa katikati ya mizizi. Sheria hairuhusu kuchukua kombe aliye chini ya sentimita 4.5, na wale mama humpima kwa vidole tu wakamrudisha mdogo. Mabwawa ya kufuga kamba yamekula sehemu kubwa ya mikoko ya nchi ile, na ndiyo hoja itakayorudi kila ukikaa nao. Nenda nao siku moja, kwa ruhusa yao, ushinde topeni. Baada ya hapo mahubiri yako kuhusu kazi yatakuwa mafupi na ya kweli zaidi. Juu zaidi ya mto wanaishi Wachachi, wenye lugha yao, cha'palaa. Kwao wewe ni mgeni mara mbili. Nenda na mtu wanayemwamini.

Sasa msiba, ambao ndio shule kuu. Mtu mzima akifa, cantoras huimba alabaos usiku kucha bila ngoma. Sauti moja inatangulia, nyingine zinajibu, na nyimbo hizo zimerithishwa kwa kinywa. Baada ya maziko kuna usiku tisa wa sala nyumbani, mbele ya madhabahu iliyopambwa kwa shuka nyeupe na maua, na usiku wa tisa madhabahu hubomolewa ili marehemu aende zake. Mtoto mdogo akifa, ni chigualo: yeye ni malaika, kwa hiyo huimbwa na kuchezwa, ngoma za bombo na cununo zinapigwa. Mara ya kwanza nilishtuka. Nilidhani hawalii. Mama alikuwa amekaa kimya, uso umekauka, na wanawake walicheza kumzunguka ili asibaki peke yake na ule ukimya. Usiseme neno. Kaa, imba kiitikio, rudi kesho, na kesho kutwa, mpaka usiku wa tisa. Neno "pole" halina mwenzake hasa wa Kihispania. Watasema "mi sentido pésame", lakini kinachosikika ni kwamba ulirudi.

Sherehe utakayoikumbuka ni ya Mtakatifu Martín de Porres, Novemba 3. Ni mtu mweusi wa Lima, mama yake aliwahi kuwa mtumwa, na alitangazwa mtakatifu mwaka 1962. Watu wa mito hukusanyika Canchimalero, sanamu huja kwa maji juu ya mitumbwi iliyofungwa pamoja, na arrullos, nyimbo za watakatifu, huimbwa kwa marimba na guasá, kayamba la mwanzi. Muziki huo wa marimba wa Esmeraldas na Pasifiki ya Kolombia umo kwenye orodha ya urithi wa UNESCO tangu 2015. Usiupeleke pembeni ya ibada kama burudani ya baada ya misa. Ni sala yao.

Hatua ya sita: usalama, bila kupamba

Januari 2024 serikali ya Ekuador ilitangaza kwamba nchi iko katika mapambano ya silaha ya ndani dhidi ya magenge, na Esmeraldas ni kati ya mikoa iliyoumia zaidi. Utalisikia neno vacuna. Kamusi itakuambia ni chanjo. Mtaani ni pesa ambazo muuza duka hulipishwa ili asiguswe. Ukilisikia usiulize nani analipa nani. Usipige picha mtaa, usibebe kifurushi wala ujumbe wa mtu, usitembee jioni bila mwenyeji, na mtaa usiingie kabla katekista wa mtaa huo hajakuambia ingia. Akisema leo hapana, ni hapana, hata kama kuna mgonjwa. Mtu aliyekulia pale anajua kinachoendelea saa ile. Na wakubwa wako wakikuhamisha kwa usalama, hama. Nimewahi kugombana na uamuzi huo, na nilikosea.

Ardhi nayo hutikisika. Januari 31, 1906 tetemeko la ukubwa wa 8.8 lilipiga pwani hii na kuleta tsunami. Aprili 16, 2016 likaja la 7.8, kitovu karibu na Pedernales, likaua watu zaidi ya 660. Katika Playa Prieta, mkoa jirani wa Manabí, alifariki Sista Clare Crockett wa Derry, Ireland Kaskazini, akiwa na miaka 33, jengo la shule lilipowaangukia yeye na wasichana aliokuwa nao. Watano kati yao walikufa pamoja naye. Soma habari zake kabla ya kwenda. Kisha fanya yanayowezekana: lala na viatu na tochi kando ya kitanda, jua mlango wa kutokea kila nyumba unayolala, na ukiwa karibu na bahari mtikisiko ukawa mrefu, panda mlima mara moja. Usingoje king'ora.

Hatua ya saba: pesa, simu na upweke

Ekuador hutumia dola ya Marekani tangu 2000. Tembea na sarafu na noti ndogo; dereva wa basi hana chenji ya ishirini. Sokoni muuzaji akikuongezea kipande juu, hiyo ni yapa, ipokee kwa shukrani. Usikopeshe na usikope. Misaada yote ipitie parokia, hata ile ndogo inayokuchoma moyo, la sivyo baada ya miezi mitatu mlango wako utakuwa dirisha la benki na utume umekwisha.

Nyumbani wako mbele kwa saa nane. Saa mbili usiku ya Esmeraldas ni saa kumi alfajiri ya Tanga. Panga siku moja ya kupiga simu, mimi nilichagua Jumamosi asubuhi, kwao jioni, mama akiwa ametoka shambani. Ukipiga kila siku hutafika Ekuador kamwe. Mwezi wa nne na wa tano ni mgumu kwa wengi: ugeni umeisha, lugha haijakaa, na unachoka kuwa mtu asiyeelewa mzaha. Mwambie mwenzako wa nyumba, mwambie muungamishi. Pika maharage ya nazi, waite majirani.

Hatua ya nane: kukabidhi

Anza kuaga miezi mitatu kabla, kigango kwa kigango, na usiahidi kurudi kama huna tiketi. Lipa madeni yote, hata ya mkate. Funguo, kadi za wagonjwa na daftari la majina mkabidhi katekista mbele ya baraza la kigango, kisha umpe nakala anayekuja baada yako. Langu lilikuwa na kurasa za usiku wa tisa: jina la marehemu, tarehe, nyumba, na nani aliyeanzisha wimbo. Kijana wa Uganda aliyenipokea kazi alinipigia simu baada ya mwaka mmoja. Alikuwa anakwenda kwa doña yule wa nazi kwenye kumbukumbu ya mumewe, alitaka tu kuhakikisha tarehe.